Vipandikizi vya Monstera, Drasena na Ndugu Zao: Kuviotesha Bila Kuoza, na Kuizuia Mimea Isitawale Sebule

Kila wiki naletewa kitaluni hapa Moshi bilauri yenye maji ya kijani na jani moja la monstera ndani yake. Jani limesimama vizuri, mwezi wa tatu sasa, pengine hata limetoa mzizi. Lakini halichipui. "Kaka, maji nabadilisha kila siku, mbona hakuna kitu?" Hakuna kitu, dada, kwa sababu umechukua jani na kuliacha jicho kwenye mmea mama.

Huku kwetu masale yametudekeza. Unachomeka kijiti cha sale mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, mvua mbili tatu, kimeshika. Na sale ni drasena hasa, ndugu wa zile drasena za sebuleni. Basi mtu anadhani kila chenye jani pana kitakubali vivyo hivyo. Shina la sale ni gumu na limebeba akiba. Linaweza kukaa wiki kadhaa likijitafutia mizizi. Pothosi, difenbakia na monstera, mimea ya majani ya ndani ya nyumba, zina shina laini lililojaa maji, na shina la namna hiyo huoza upesi kuliko linavyoota ukilichomeka kwenye udongo mzito.

Nitaeleza kazi nzima, kuanzia kukata hadi kuidhibiti mimea ikishakuwa mikubwa. Fuata mpangilio. Wanaofeli wengi hawakosei hatua ngumu, wameruka ile nyepesi.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa mmea

Kisu kikali au wembe mpya, na spiriti ya kufutia. Kisu butu husaga shina badala ya kulikata, na pale paliposagika ndipo uozo unapoanzia. Futa kisu kila unapohama kutoka mmea mmoja kwenda mwingine.

Mchanga wa mto, ule wa chembe nene. Uoshe mpaka maji yatoke meupe. Mchanga laini wa kupigia plasta haufai, unashikana kama saruji.

Pumba za mpunga zilizochomwa. Kwa mtu wa Moshi hili si tatizo, mashine za mpunga zipo upande wa tambarare. Zichome polepole mpaka ziwe nyeusi, lakini umbo la pumba libaki. Zikigeuka jivu jeupe umepitiliza. Zisuuze mara mbili, kwa sababu jivu lina chumvi inayounguza mizizi michanga. Mwenye uwezo wa kupata chenga za makumbi ya nazi kutoka pwani anaweza kuzitumia badala yake.

Makopo madogo yenye matundu chini. Nasema madogo kwa makusudi. Kopo la robo lita linatosha kipandikizi kimoja. Kwenye ndoo kubwa udongo hukaa na maji siku nyingi na hakuna mizizi ya kuyanywa.

Chupa za maji za lita 1.5, na dumu linalopitisha mwanga la lita 5 au 6. Utazikata kitako, ziwe kofia za kufunikia. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, watu hunilalamikia kwamba hawana cha kufunikia. Chupa ni bora kuliko mfuko: inasimama yenyewe, na kizibo chake ni dirisha la kufungua na kufunga.

Maji ya mvua, hata ndoo moja. Sababu utaiona mbele, hasa wewe wa Arusha.

Glovu. Si mapambo. Utomvu wa difenbakia, monstera, pothosi na filodendroni una vijisindano vidogo mno vinavyochoma mdomo na kuwasha ngozi. Mtoto akitafuna difenbakia, ulimi na koo vinaweza kuvimba. Usikate mezani pa kulia chakula, na usiwatupie mbuzi mabaki.

Homoni ya mizizi ya unga, ukiipata duka la pembejeo. Inasaidia kwa fikasi na krotoni. Kwa pothosi ni kupoteza hela.

Asali, mdalasini na vidonge vya aspirini havimo kwenye orodha yangu. Sijawahi kuona kipandikizi kilichookolewa na asali, ila nimeona siafu waliokaribishwa nayo.

## Ukate lini

Mizizi hutoka vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 21 hadi 27. Moshi mjini, kwenye mita mia nane hadi mia tisa juu ya usawa wa bahari, joto hilo lipo sehemu kubwa ya mwaka. Arusha iko mita 1,400 hivi, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku wake ni wa sweta mbili. Kipandikizi kilichokatwa Julai pale Njiro hakifi kwa baridi yenyewe. Kinazubaa, kinakaa mwezi mzima bila mzizi, na katika kuzubaa huko ndipo kinapooza.

Kama unaweza kuchagua, kata kuanzia Septemba mpaka Machi. Kama huwezi, weka makopo mahali penye joto usiku, kwa mfano juu ya friji, na umwagilie nusu ya ulivyozoea.

## Hatua ya 1: Mwandae mama

Siku mbili kabla, mwagilia mmea mama mpaka maji yatoke chini. Kipandikizi kitaishi kwa maji yaliyo ndani yake tu, kwa hiyo kitoke nyumbani kimeshiba.

Mgeuze kila jani uangalie mgongo wake. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio, hao ni vidung'ata. Ukiona utando mwembamba na vidoti vya njano, huo ni utitiri. Tibu kwanza, kata baadaye. Ukikata hivyo hivyo, unazalisha wadudu pamoja na maua.

Usikate mmea uliotoka kununuliwa wiki iliyopita. Usikate pia ule uliopewa mbolea nyingi ya kukuzia: shina lake ni refu, laini, na linaoza haraka.

## Hatua ya 2: Tafuta kifundo

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Lishike shina, si jani. Pandisha kidole taratibu. Utakuta mahali palipotuna kidogo au penye pete, pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Hicho ni kifundo. Kipande laini kati ya kifundo na kifundo ni pingili. Jicho, yaani chipukizi lililolala, liko kwenye kifundo peke yake. Mizizi nayo hutokea hapo au karibu na hapo. Jani zuri namna gani, kikonyo kirefu namna gani, bila kifundo hakitatoa mmea.

Aliyewahi kupanda muhogo ameshaelewa. Hupandi jani la muhogo, unapanda kijiti chenye macho.

Sasa kwa kila jamii:

Monstera, pothosi, filodendroni, singoniamu. Tafuta kifundo chenye kijizizi cha kahawia kinachoning'inia hewani. Hicho ni mzizi uliokwisha kuanza kazi, usiukate. Kifundo kimoja na jani moja vinatosha, ingawa kwa anayeanza napendekeza vifundo viwili.

Drasena na difenbakia. Kichwa chenye majani kinaota, na shina tupu lililobaki nalo linaota. Likate vipande vya sentimita 10 hadi 15, kila kimoja na pete tatu au zaidi. Weka alama ya kalamu upande wa chini mara tu unapokata. Baada ya dakika tano hutakumbuka, na kijiti kilichopandwa kichwa chini hakina mbele.

Sansevieria. Hii ni tofauti, jani lake linaota hata bila kifundo. Kata jani vipande vya sentimita 8 hivi, kumbuka upande wa chini. Ila yenye ukingo wa njano, ukiiotesha kwa jani watoto watatoka kijani kitupu. Njano hairithiwi kwa njia hiyo. Ukiitaka njano, gawanya mmea kwa shina lake la chini ya udongo.

Zamia, ile yenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Ni mzaliwa wa Afrika Mashariki, wala si mgeni kutoka Ulaya kama wauzaji wengine wanavyodai. Jani moja dogo linaota, lakini linatengeneza kwanza kiazi chini ya udongo. Hesabu miezi, usihesabu wiki.

Fikasi ya mpira na krotoni. Chukua ncha ya tawi yenye vifundo vitatu au vinne. Isiwe ya kijani laini kabisa, wala iliyokwisha kuwa mti.

## Hatua ya 3: Kata, kisha usipande kwanza

Kata nusu sentimita hadi moja chini ya kifundo. Ukiacha mkia mrefu chini ya kifundo, mkia huo utaoza na uozo utapanda juu.

Fikasi itatoa maziwa meupe. Ioshe kidonda kwa maji ya uvuguvugu mpaka yaache kutiririka, vinginevyo yanaganda. Maziwa hayo yanawasha na kuchafua nguo.

Sasa subiri. Pothosi na monstera, saa mbili hadi nne kivulini. Difenbakia na vijiti vya drasena, siku moja. Sansevieria, siku mbili hadi tatu. Kidonda kibichi ukikiingiza kwenye udongo mbichi umewafungulia mlango vimelea wa kuozesha. Fikasi na krotoni hazingoji, zipandwe mara moja kwa sababu majani yake hunyauka haraka.

Kidonda kilicho tayari ukikigusa hakinati kidoleni.

## Hatua ya 4: Punguza majani

Kipandikizi hakina mizizi ya kunywa, lakini majani yanaendelea kutoa maji hewani. Ondoa majani yote ya chini, acha mawili juu. Kama jani ni kubwa kama la fikasi, lizungushe liwe kama sigara na ulifunge kwa mpira, au likate nusu. Inauma kukata jani zuri, najua.

Usiondoe yote. Jani ndilo linalotengeneza chakula cha kujengea mzizi. Vijiti vya drasena na difenbakia peke yake ndivyo vinavyovumilia kuwa uchi, kwa sababu ya akiba yake.

## Hatua ya 5: Maji au udongo?

Njia zote mbili zinafanya kazi. Kila moja ina mahali inapokuangusha.

Kwenye maji: kifundo kizame, jani lisizame. Badilisha maji kila baada ya siku tatu au nne, maana mizizi inahitaji hewa iliyoyeyuka majini na maji yaliyolala huishiwa nayo. Tumia chupa ya rangi ya kahawia, au zungushia gazeti, ili ukungu wa kijani usiote. Kosa la njia hii ni kunogewa. Watu huacha mizizi ikajaza bilauri nzima kwa sababu inapendeza. Mizizi ya majini ni laini, na ikizeeka huko, siku ya kuhamia udongoni mingi hufa. Hamisha ikiwa na sentimita 3 hadi 5.

Kwenye mchanganyiko: sehemu 2 za pumba zilizochomwa kwa sehemu 1 ya mchanga. Usiongeze samadi. Usiongeze udongo mweusi wa kihamba, hata kama migomba yako inaupenda. Kipandikizi hakina mdomo bado, mbolea itamuozea miguuni. Lowesha mchanganyiko, kisha ukamate mkononi na uminye. Likitoka tone moja au mawili, sawa. Maji yakitiririka, umezidisha.

Toboa shimo kwa kijiti kwanza, ndipo uingize kipandikizi. Ukikisukuma tu, unga wa homoni unabaki juu na kidonda kinachubuka. Ingiza kifundo kimoja au viwili chini ya udongo, bana kwa vidole.

Mimi mwenyewe pothosi na singoniamu naziweka majini. Difenbakia, fikasi, sansevieria na zamia siziweki majini kamwe. Monstera naiweka kwenye pumba, japo wateja hupenda kuiona mizizi.

## Hatua ya 6: Funika, na chagua mahali

Kata kitako cha chupa, funika kopo lote, kizibo kikiwa kimefungwa. Ndani patakuwa na unyevu kama mgombani asubuhi, na majani hayatapoteza maji. Sansevieria na vijiti vitupu vya drasena usivifunike, vitaoza.

Mahali pawe na mwanga wa kutosha kusoma gazeti bila taa, lakini jua lisipige chupa. Chupa juani ni chungu cha kupikia. Barazani panafaa, au chini ya mparachichi.

Siku ya tano fungua kizibo kwa saa moja asubuhi. Endelea hivyo kila siku mbili. Ukiona matone makubwa yanatiririka ndani muda wote, acha kizibo wazi. Ukikuta jani limeoza, litoe siku hiyohiyo.

Na usimwagilie kwa ratiba. Chini ya kofia maji hayaendi kokote. Kopo moja linaweza kukaa siku kumi bila kuongezwa hata tone.

## Hatua ya 7: Kungoja bila kuchimbua

Kukichomoa kipandikizi "kuangalia tu" kunakata mizizi ya kwanza, ambayo ni myembamba kama uzi. Badala yake, baada ya wiki tatu shika shina kwa vidole viwili na ulivute kidogo sana. Likikataa, limeshika.

Kwa hali ya joto la Moshi nategemea hivi: pothosi wiki 2 hadi 4, monstera na difenbakia wiki 3 hadi 6, drasena na fikasi wiki 4 hadi 8, sansevieria miezi 2 au 3 kabla ya kuona mtoto, zamia hata nusu mwaka. Arusha wakati wa baridi, ongeza.

Jani jipya si ushahidi kamili. Kijiti cha drasena hutoa chipukizi kwa akiba yake kabla ya kuwa na mzizi hata mmoja, na watu hukihamisha kwa furaha kikafa. Ngoja vyote viwili, chipukizi na ukinzani unapovuta.

Shina likiwa jeusi na laini chini, linanuka, hilo limeoza. Kama juu bado kuna kifundo kizima, kata mpaka ukutane na nyama safi isiyo na doa, futa kisu, kausha siku nzima, uanze upya kwenye mchanganyiko mpya. Ule wa zamani tupa.

## Hatua ya 8: Kuhamisha

Siku saba kabla ya kuhamisha, izoeshe hewa ya nje: kofia wazi saa moja, kesho saa mbili, mpaka inakaa wazi mchana kutwa.

Sasa ndipo udongo unaruhusiwa: sehemu 2 za udongo wa juu uliochekechwa, 1 ya samadi iliyooza kabisa mpaka hainuki, 1 ya pumba au mchanga. Kopo jipya lizidi la zamani kwa sentimita 3 hivi tu upana. Mbolea yoyote ya dukani, ngoja jani la pili jipya lifunguke.

## Maji ya Arusha na ncha za kahawia

Wakazi wengi wa Arusha wanaijua floridi kwa meno kugeuka kahawia. Maji ya chini na mito mingi inayozunguka Mlima Meru ina madini hayo kwa wingi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Drasena na klorofitamu, ile yenye watoto wanaoning'inia kama buibui, zina meno yake pia: ncha za majani hugeuka kahawia na kukauka, hata kama kila kitu kingine unakifanya sawa.

Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua, floridi inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Kinga maji ya mvua wakati wa masika na vuli, yatunze kwa ajili ya mimea hiyo tu. Epuka mbolea ya fosfeti iitwayo TSP kwenye makopo yake, kwa sababu nayo hubeba floridi. Chokaa kidogo ya kilimo kwenye udongo hupunguza kiasi ambacho mizizi inaweza kuchukua. Ncha iliyokwisha kuungua hairudi kijani. Angalia majani mapya: yakitoka safi, umefaulu.

## Kuidhibiti: mmea usikupandie kichwani

Baada ya mwaka malalamiko hugeuka. Aliyelia haioti anakuja kulia imefika dari.

Kata ncha ili uzae matawi. Ncha inayokua hutuma homoni chini inayoyaambia macho mengine yalale. Ukiiondoa, macho mawili matatu ya karibu huamka. Kata juu kidogo ya kifundo, maana jicho la kifundo hicho ndilo litakaloelekeza tawi jipya. Ukitaka fikasi itanuke upande wa dirisha, kata juu ya jicho linalotazama dirisha. Fanya mapema, mmea ukiwa na sentimita 30 au 40. Ukingoja ufike mita mbili, utapata mwanzi wenye ufagio juu.

Mwanga kwanza, mkasi baadaye. Pothosi yenye pingili ndefu na majani madogo haijakua sana, inatafuta mwanga. Ukiikata na kuirudisha kwenye kona ileile ya giza itarudia. Isogeze kwanza.

Nguzo. Pothosi na monstera hutoa majani makubwa zikipanda, madogo zikining'inia. Ukitaka majani ya sinia, funga nguzo yenye makumbi na uiloweshe ili mizizi ya hewani ishike. Ukitaka ibaki ndogo juu ya kabati, iache ining'inie na uikate kila ikigusa chini. Monstera inayonyimwa nguzo hutambaa pembeni na kula nusu ya sebule, na hapo lawama si ya mmea.

Punguza naitrojeni. Samadi na yurea husukuma majani. Mmea uliokwisha kufikia kimo unachotaka haudai zaidi ya kijiko kidogo cha mbolea kila baada ya miezi miwili au mitatu msimu wa joto, na Juni hadi Agosti usiupe kitu. Kuna dawa za kudumaza ukuaji ambazo mashamba makubwa hutumia. Kwa makopo kumi ya nyumbani, mkasi unatosha.

Punguza mizizi. Hii ni kwa mmea usiotaka kuuhamishia chombo kikubwa zaidi. Utoe kwenye chungu, kata kwa kisu robo ya mizizi ya pembeni na chini, rudisha chungu kilekile na udongo mpya. Siku hiyohiyo punguza majani kwa kiasi hicho hicho, ili mizizi iliyobaki imudu kuyanywesha. Fanya Septemba au Oktoba, usifanye kwenye baridi. Weka kivulini wiki mbili. Majani mawili matatu ya chini yatageuka njano wiki ya kwanza. Yakate na usiongeze maji.